Maji ya Kifuu: Mchezo wa Maji wa Watoto Wadogo Uani Msimu wa Kaskazi

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Mtwara, joto kali la mwaka huja na kaskazi, yaani upepo wa msimu uvumao kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, kabla masika hayajaanza kumwaga mvua zake. Ndicho kipindi ambacho mchana wa Dar es Salaam hufikia nyuzijoto 32 na zaidi, unyevu wa hewa ukiwa mwingi hata jasho likabaki limeganda mwilini, na ndicho kipindi ambacho watoto wadogo huonekana uani wakiwa na chupi tu, wamelizunguka karai. Mchezo wa maji unaochambuliwa hapa ni huo: wa watoto wasiozidi miaka sita hivi, unaofanyika nyumbani, kwa maji yaliyotiwa chomboni au yanayotoka kwenye mpira wa bomba. Kuogelea baharini, ambako ni ustadi wenye mafunzo yake, ni jambo jingine, ingawa wazazi wengi huyachanganya mawili hayo na kudhani kwamba mtoto aliyezoea karai amekwisha kuzoea maji.

Mazungumzo ya watu wazima kuhusu mchezo huu huzunguka maswali mawili: mtoto akae majini muda gani asije akapata mafua, na maji yawe mengi kiasi gani. Yote mawili yana uzito mdogo kuliko yanavyodhaniwa. Swali lililo zito zaidi, na ambalo huulizwa kwa nadra, ni la mpaka kati ya maji ya mchezo na maji ya akiba, kwa kuwa ua wa pwani ulikuwa ghala la maji kabla haujawa uwanja wa michezo, na mtoto aliyefundishwa kuyapenda maji ya karai hana sababu yoyote ya kuyaogopa yale ya pipa lililo hatua tatu kutoka hapo.

Ua, kwa maana ya sehemu iliyo nyuma ya nyumba na kuzungushiwa ukuta, mabati au makuti, una historia inayolieleza jambo hili vizuri. Katika ile iitwayo nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba kila upande, jiko, choo na bafu viko uani, na kama kuna kisima nacho kiko huko huko. Kila chumba kikipangishwa kwa familia yake, kila familia huja na ndoo zake, madumu yake na pengine pipa lake. Katika nyumba mpya za pembezoni mwa miji pipa limepisha simtanki juu ya mnara na tangi la kuchimbia chini lenye mfuniko wa zege au bati. Sababu ya wingi huu wa vyombo si kupenda vyombo, bali ni mgao: Dar es Salaam hutegemea sana mto Ruvu, ambao kina chake kiliposhuka Oktoba 2022 mji uliingia katika ratiba ya mgao, na Mombasa hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mbali, katika chemchemi za Mzima na visima vya Baricho. Penye bomba lisiloaminika, maji huwekwa. Na penye maji yaliyowekwa, mtoto huyafuata.

Faida ya kwanza ya mchezo ni ya mwili, na inaelezeka kwa ufupi. Maji huupoza mwili kwa njia mbili: kwa mgusano, kwa kuwa yanapitisha joto takribani mara 25 zaidi ya hewa, na kwa mvukizo, yaani kugeuka kwa maji kuwa mvuke huku yakichukua joto la ngozi. Lita moja ya maji ikikaukia mwilini huondoka na kilojuli zipatazo 2,400, kiasi ambacho kingeweza kuzichemsha lita saba za maji ya bombani. Mtoto mdogo ana ngozi kubwa akilinganishwa na uzito wake, ndiyo maana huwahi kupata joto kuliko mtu mzima na huwahi kupoa pia, na ndiyo maana mtoto aliyelowa chapachapa anaweza kutetemeka midomo hata Februari upepo ukimpiga. Kutetemeka huko ni dalili ya kumtoa na kumkausha. Si chanzo cha mafua, ambayo huletwa na virusi na huambukizwa zaidi na mtu mwenye mafua kuliko na beseni.

Jua lastahili tahadhari zaidi ya baridi. Dar es Salaam iko takribani nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, na maji yaliyo juu ya ngozi hayazuii miali yake hata kidogo. Mchezo wa kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri, chini ya mwembe au turubai, huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Kwa mtoto mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina kinga ya rangi, kivuli na nguo ya mikono mirefu ni sharti la mchezo wenyewe. Liko pia jambo dogo lisilotazamiwa: mpira wa maji ulioachwa juani mchana kutwa huwa na maji ya moto ya kuunguza, na maji yake ya kwanza hayafai kuelekezwa kwa mtoto mpaka mtu mzima ayajaribu kwa mkono wake.

Faida ya pili, ya akili, ni pana zaidi. Waswahili husema maji ya kifuu bahari ya chungu, na methali hiyo, ambayo kwa kawaida hutumiwa kueleza kwamba kidogo cha huyu ni kingi kwa yule, hapa yafaa ichukuliwe kama kipimo halisi. Kwa mtoto wa miaka miwili, beseni ni dunia nzima yenye kanuni zake: kuna vinavyoelea na vinavyozama, kuna kinachojaa na kinachofurika, na kuna kitu kimoja kinachoweza kufanya yote mawili, kama kizibo cha soda, ambacho kikilazwa taratibu uwazi juu huelea na kikitiwa maji huzama chubwi. Kumbi la nazi likichomekwa jani la mkungu huwa ngalawa. Kikonyo cha jani la mpapai, kwa kuwa kiko wazi ndani, huwa bomba la kupulizia mapovu na la kuhamishia maji kutoka chombo cha juu hadi cha chini. Dumu la zamani likitobolewa matundu matatu, moja juu ya jingine, hurusha maji kwa kasi zaidi kwenye tundu la chini kabisa, na mtoto aliyeliona jambo hilo mara mia hatakuwa mgeni siku mwalimu wa fizikia atakapoeleza kwamba msukumo wa maji huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeishi kati ya 1896 na 1980, aliyafanya maji kuwa chombo cha kupimia fikra za watoto. Katika jaribio lake mashuhuri, maji ya bilauri fupi na pana humiminwa katika bilauri ndefu na nyembamba mbele ya macho ya mtoto, kisha mtoto huulizwa kama maji yameongezeka, yamepungua au yamebaki vile vile. Watoto wengi walio chini ya miaka saba hivi hujibu kwamba yameongezeka, kwa sababu yamepanda juu. Kinachokosekana, kwa maelezo ya Piaget, ni dhana ya kudumu kwa wingi, yaani kutambua kwamba kiasi cha kitu hakibadiliki kwa sababu tu umbo lake limebadilika. Kwa muda mrefu jaribio hilo lilirudiwa katika nchi nyingi, na watoto wa Afrika wasiokwenda shule walipojibu tofauti na wenzao wa Geneva, wapo waliofanya haraka kuona upungufu.

Mwanasaikolojia wa Marekani Patricia Greenfield, aliyefanya kazi miongoni mwa Wawolof wa Senegal na kuchapisha matokeo yake mwaka 1966, alifanya jambo ambalo wengine hawakulifikiria: aliusikiliza ufafanuzi wa watoto. Baadhi yao walisema maji yameongezeka kwa sababu yeye ndiye aliyeyamimina, kana kwamba mkono wa mtu mzima mgeni ulikuwa na uwezo wa pekee. Alipowapa watoto vyombo wamimine wenyewe, sababu hiyo ikatoweka, na waliojibu sawasawa wakaongezeka sana. Funzo lake kwa ua wa nyumbani ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtoto anayerushiwa maji kwa mpira, au anayekalishwa ndani ya bwawa la plastiki lililokwisha kujazwa, hufurahi na kupoa, lakini maji hayo yametendwa na mtu mwingine. Aliyepewa jagi, kopo na kata, yaani kile kichoteo cha kifuu chenye mpini mrefu, anayatenda yeye. Kwa mizani hiyo karai la lita ishirini lenye vyombo vitano visivyolingana hulishinda bwawa la plastiki la dukani, na kulishinda kwa mbali. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alilifikia jambo hilo kwa njia yake mwenyewe alipowapa watoto majagi madogo ya kumiminia na kitambaa cha kufutia kilichomwagika, kwa kuwa kwake kumwagika kulikuwa sehemu ya somo.

Lugha nayo hujengeka hapo. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha maji: maji huchotwa, hutekwa, humiminwa, hutiririka, huchuruzika, hudondoka, huvuja, hufurika, na kila tendo lina jina lake ambalo mtoto hulipata kwa kusikia likitajwa wakati ule ule linapotendeka. Tofauti ya kumwaga na kumwagika, ambayo kwa mwanasarufi ni habari ya kauli ya kutendeka, kwa mtoto wa miaka mitatu ni habari ya lawama; asemaye yamemwagika badala ya nimemwaga ameipata sarufi na utetezi kwa pamoja. Mtu mzima anayekaa kando ya karai akiwa amezama katika simu yake humnyima mtoto sehemu hii ya mchezo, licha ya hatari nyingine zitakazoelezwa.

Gharama haina budi kutajwa, kwa maana maji ya mjini hununuliwa. Bwawa la plastiki lenye upana wa mita moja na nusu, likijazwa sentimita 20 tu, humeza lita zipatazo 350, yaani ndoo kubwa kumi na saba na ushee. Kwa kipimo cha chini cha lita 50 kwa mtu kwa siku, hayo ni maji ya watu saba kutwa. Mpira ulioachwa wazi kwa lita 15 kila dakika huyapita hayo kabla nusu saa haijaisha. Katika ua wa wapangaji hesabu hii si ya mazingira bali ya ujirani, kwani mtoto wa chumba cha kwanza hachezei maji yasiyo na mwenyewe: ni ya chumba cha tatu, yamebebwa kwa mkokoteni na kulipiwa kwa dumu. Ugomvi mwingi wa uani hauanzi kwa maneno makubwa zaidi ya hayo. Karai moja, ambalo maji yake baadaye huoshea miguu ya watoto na kumalizikia kwenye migomba, halimgombanishi mtu.

Hatari kuu ni kuzama, na ndipo wengi wanapokosea kipimo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji duniani kote mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano, wengi mno kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Neno kuzama humpeleka msikilizaji baharini, mtoni au ziwani. Lakini mtoto wa umri huu anaweza kufa katika maji yenye kina cha sentimita tano, maadamu yanafunika pua na mdomo wake. Sababu ni ya umbo. Kichwa cha mtoto mchanga ni robo ya urefu wake wote, na hata afikapo miaka miwili bado ni kama sehemu ya tano, ilhali cha mtu mzima ni sehemu ya saba au ya nane tu. Uzito wa mwili wake umekaa juu. Akiinama kwenye ndoo ndefu iliyojaa nusu, hutangulia kichwa, mikono haina cha kushika, na ndoo, kwa kuwa ni nzito, haipinduki kumwaga maji na kumwokoa. Nchini Marekani, ambako ndoo za plastiki za galoni tano zimeenea kama hapa, vifo vya namna hiyo vilikuwa vingi kiasi cha kuzifanya zibandikwe maandishi ya onyo. Tukio lote hupita kimya, kwa sababu mdomo ulio ndani ya maji haupigi kelele, na ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache.

Hapo ndipo mpaka wa maji ya mchezo na maji ya akiba unapoonyesha uzito wake. Wakati wa mchezo mtu mzima huwapo, au angalau husikia vicheko. Saa ya hatari ni ile inayofuata, mchezo ukiisha, mama akiwa jikoni, karai likiwa limeachwa na maji nusu, na mtoto akikumbuka kwamba kuna kitu kitamu nyuma ya nyumba. Sheria za Australia, zinazolazimisha uzio kwa bwawa lolote lenye kina kinachozidi sentimita 30, likiwamo la plastiki la kupulizwa, zimefaa sana huko, lakini zimeundwa kwa nchi ambayo maji ya akiba yamo ndani ya bomba. Mfano ulio karibu zaidi na hali ya mwambao ni wa Bangladesh, ambako iligundulika kwamba watoto wengi huzama karibu kabisa na nyumba katika saa za asubuhi hadi mchana, mama anapokuwa na kazi nyingi, na ambako vituo vya malezi vya vijijini viitwavyo Anchal, vinavyowapokea watoto kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, vimepunguza vifo hivyo kwa kiasi kikubwa. Kwa ua wa Tandika jijini Dar es Salaam au Likoni huko Mombasa tafsiri yake ni nyepesi: pipa liwe na mfuniko unaofungika, tangi la chini lisiachwe wazi hata kwa muda wa kuteka ndoo moja, kisima kiwe na ukingo unaompita mtoto kimo, ndoo tupu zifudikizwe, na ulinzi wa mdogo usiachiwe dada yake wa miaka minane, ambaye naye ni mtoto na naye amekuja kucheza.

Ajali ikitokea, desturi ya kumning'iniza mtoto miguu juu au kumkamua tumbo ili maji yatoke hupoteza dakika zile zile zinazohitajika. Mtoto asiyepumua hulazwa chali mahali pagumu, akapuliziwa pumzi tano kupitia mdomo na pua, kisha akabonyezwa kifua kwa mpigo wa haraka huku pumzi zikiendelea katikati, mpaka msaada ufike. Anayerudisha pumzi hupelekwa hospitali hata akionekana mzima, kwa kuwa mapafu yaliyoingia maji huweza kuzidiwa baada ya saa kadhaa.

Maradhi yanabaki, na kwa upande mmoja karai ni kinga. Katika Unguja na Pemba kichocho cha mkojo huambukizwa na vijiminyoo vinavyotoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya anayecheza kijitoni au dimbwini. Maji ya bomba hayana konokono, na hata yaliyotekwa mtoni hayaambukizi tena kichocho yakikaa ndooni siku mbili bila konokono, maana vijiminyoo hivyo haviishi zaidi ya hapo bila kupata mwili wa kuingia. Mtoto mwenye karai nyumbani amepungukiwa na sababu moja ya kwenda kijitoni. Maji ya kisima kilicho karibu na choo ni habari nyingine, kwa sababu mtoto anayecheza hunywa, akatazwe asikatazwe.

Upande wa pili ni mbu. Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye madoadoa meupe aumaye mchana, hataki bwawa wala mto. Hutaka chombo cha nyumbani chenye maji yaliyotulia, na katika joto la kaskazi humtoa mtoto wake kutoka yai hadi mbawa kwa siku saba hadi kumi hivi. Ndiye aletaye homa ya dengi iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, homa ambayo wenyeji wa mwambao waliijua zamani kwa jina la kidingapopo au kidinga pepo, na ambayo tabibu James Christie, aliyekuwako Unguja wakati wa mlipuko wa 1870, aliiandikia pamoja na jina lake hilo. Wapo wanaoamini kwamba neno dengi lenyewe lilisafiri kutoka hapa. Mayai ya mbu huyo hugandishwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo karai lililomwagwa tu na kuachwa bado lina mbegu: lazima lisuguliwe, kisha lifudikizwe.

Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walikuwa na jibu lao. Birika, ambalo huko si chombo cha chai bali tangi dogo la maji lililojengwa ndani ya bafu, liliwekwa samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwake likajengewa bakuli la kauri ambamo samaki hao walijikusanya maji yalipopungua. Mpango huo ulilipatia birika maji yasiyo na mbu bila dawa yoyote. Lakini birika lina kina, ukingo wake si mrefu, na samaki wanaometameta chini ya maji ndio kitu cha kwanza ambacho mtoto wa miaka miwili atainama kukitazama.